Mama wa Maabara na Pini Yake

Pini ilikuwa ya nywele, nyeusi, iliyopinda kama mgongo wa kiwavi, na makao yake yalikuwa juu ya sikio la kulia la Mama wa Maabara. Tulipomwita mezani kumlalamikia kwamba kompyuta haisikii chochote kutoka kwa kifaa, hakuitazama skrini. Aliichomoa ile pini, akang'oa waya upande wa kifaa, akaichomeka pini katika matundu mawili ya mwisho wa waya, kisha akasema, "Andika jina lako. Tuma."

Tuliandika, tukatuma. Jina likarudi kama lilivyokwenda.

"Basi kompyuta yako iko na mdomo na iko na masikio," alisema, akirudisha pini kichwani. "Mgonjwa si huyu. Twende kwa mwingine."

Nieleze kidogo kwa asiyejua, maana jambo lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Kifaa cha kupima, kiwe cha kupima joto au uzito, huzungumza na kompyuta kwa waya wenye nyuzi chache ndani yake. Uzi mmoja ni wa kusema, mwingine ni wa kusikia. Ukiziunganisha nyuzi hizo mbili kwa kipande cha chuma, kompyuta hujisikia yenyewe. Ikijisikia, ujue kompyuta na waya ni wazima, na kosa liko mbele yao. Isipojisikia, hakuna haja ya kumlaumu aliye upande wa pili. Maabara nyingine zina vifaa maalumu vya kazi hiyo. Yetu ilikuwa na pini.

Tulimwita Mama wa Maabara. Hakuwa mwalimu. Chuo chetu cha ufundi, hapa mjini Machakos, kilimwajiri kufungua mlango wa maabara asubuhi, kupangusa meza, na kuhakikisha kwamba hakuna aliyeondoka na koleo mfukoni. Walimu walifundisha ubaoni. Halafu, programu zao wenyewe zilipokataa, walipitia mlango wa nyuma, ule wa upande wa tangi, wakijifanya wamefuata chaki. Aliwapa chaki kwanza, kisha akauliza, "Na ile shida ingine?"

Nimemkumbuka sana mwaka huu kwa sababu ya pampu. Kwetu Kalama tuna kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na pampu ya kwanza iliyotiwa humo iliungua wakati wa kiangazi. Maji yalishuka chini yake, ikaendelea kuzunguka ikivuta hewa, ikafa. Akina mama wakarudi mtoni kuchimba mchanga na kungoja maji yachuruzike kikombe kwa kikombe. Pampu ya pili ilipopatikana, kamati ya maji iliniita mimi, mtoto wao niliyesomea mambo haya, niweke kisimani kipimo cha kuizima pampu maji yanapokaribia kuisha. Nilikiweka. Kikaanza kuizima pampu hata kisima kikiwa na maji tele. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wangu, alinipa hadi Jumamosi. Nisipokirekebisha, wangekiondoa na kuiunga pampu moja kwa moja kwenye umeme, kama ile iliyoungua.

Nitafika kwenye Jumamosi hiyo. Kwanza nimweleze aliyenifundisha kutafuta kosa, kwa sababu bila yeye hamtaelewa nililipataje.

Hakutuita kwa majina yetu. Alituita kwa kwetu. Mimi nilikuwa Kalama. Ndinda, binti mkimya aliyekaa nami meza moja, alikuwa Ekalakala. Na Kevo, ambaye alizaliwa na kukulia kule karibu na Nairobi, alikuwa Syokimau. Siku ya kwanza Kevo aliingia maabara akiwa na begi bega moja na maneno yote kwa pumzi moja.

"Niaje mathe, nitumie mashine gani, hii ama ile ya dirishani?"

"Toka," alisema Mama wa Maabara.

"Aki mathe, nimefanya nini sasa?"

"Toka nje, upige hodi, ungoje."

Kevo alitoka. "Hodi!" alisema, na mguu mmoja tayari uko ndani.

"Rudi tena. Hiyo si hodi, hiyo ni tangazo. Hodi ni swali, Syokimau. Swali linangojewa jibu."

Mara ya tatu Kevo alipiga hodi akasimama nje. Mama wa Maabara alikuwa akisuka kiondo, kama alivyokuwa akifanya siku zote mikono yake ilipokosa kazi, na alimaliza mstari mzima wa mkonge kabla ya kusema karibu. Tulidhani ni ukali wa siku ya kwanza tu.

Miezi kadhaa baadaye Kevo alikwama. Alikuwa na kadi ndogo ya umeme iliyounganishwa na kompyuta, na programu yake ilitakiwa kuifungulia mawasiliano na kuiambia iwashe taa. Amri ya kwanza ilipotea kila mara. Ya pili ilifanya kazi, ya tatu ilifanya kazi, lakini ya kwanza haikufika kamwe. Aliandika programu upya mara nne. Hatimaye Mama wa Maabara alivuta kiti, kiondo magotini.

"Ukifungua mawasiliano, hiyo kadi inafanya nini?"

"Inajizima, inawaka tena."

"Kwa muda gani?"

"Kama sekunde mbili hivi."

"Na wewe unangoja ngapi?"

Kevo aliitazama programu yake upya. Sisi tulianza kucheka kabla yake.

"Programu umeizaa wewe," alisema Mama wa Maabara. "Imechukua tabia za baba yake. Inaingia kwa watu kabla ya kuambiwa karibu."

Kevo alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Kisha akafanya jambo ambalo naliiga hadi leo. Aliifundisha kadi yake itume neno moja ikishaamka: KARIBU. Na programu yake haikusema lolote mpaka ilisome neno hilo. Vifaa vyote nilivyotengeneza tangu hapo huanza kwa kusema karibu.

Hivyo ndivyo alivyofundisha mwanamke huyu ambaye hakuajiriwa kufundisha. Wakati mmoja skrini yetu ilijaa alama za ajabu, vipembe na viulizo visivyo na maana. Nikatangaza kwamba kifaa kimekufa.

"Maiti haipigi kelele," alisema. "Hiki ki hai na kinaongea. Ni wewe hukielewi."

Alimpa Kevo tangazo lililokuwa limebandikwa ukutani, lile la sheria za maabara, akamwambia alisome kwa sauti kwa kasi yake ya Syokimau. Akampa Ndinda kalamu aandike anachosikia. Kevo akaenda kama gari lililokatika breki. Ndinda aliandika mstari mmoja sawasawa, wa pili nusu, na kuanzia wa tatu ilikuwa takataka tupu. Mama wa Maabara akaiinua karatasi ile karibu na skrini yetu. Zilifanana. Kisha akamwambia Kevo asome tena, huku yeye akigonga meza kwa mwiko wa chakula, neno moja kwa kila pigo, na Ndinda akaandika yote.

"Mmeona? Hakuna mjinga hapa. Hawajakubaliana mwendo tu."

Tulibadilisha nambari moja ya mwendo kwenye programu na kipimajoto kikaanza kutuambia joto la chumba. Nami siku hizi huwaambia vijana ninaofanya nao kazi wasiogope takataka kwenye skrini. Takataka ni habari njema. Inakwambia kwamba waya umefika, kifaa kinapumua, na umebakiwa na jambo dogo.

Kile kiondo kilikuwa na kazi nyingine ambayo ilinichukua mwaka kuitambua. Ulipomweleza tatizo lako, mikono yake iliendelea kusuka. Ukisema kitu usichokuwa na hakika nacho, mikono ilisimama.

"Waya ni mzima," nilimwambia siku moja.

Mkonge ukatulia. "Umeupima?"

"Jana ulikuwa mzima, mwaitu."

Nilimwita mwaitu, mama, kama tunavyowaita kwa Kikamba wanawake wa umri wake. Haikunisaidia.

"Jana si kipimo. Pima."

Alitulazimisha kuwa na daftari la shule, lile la mistari, na kila ukurasa tuupige mstari katikati. Kushoto tuliandika tulichotuma, kulia tulichopokea, kama kilivyo, bila kukisafisha. Ukifika kwake na kusema "haifanyi kazi," hakukujibu. Alinyoosha mkono apewe daftari. "Usiniambie kile haifanyi," alisema. "Niambie kile inafanya." Na ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo mmoja, waya na programu kwa mfano, alikurudisha mwanzo hata kama shida ilikuwa imekwisha, kwa sababu hukujua ni kipi kilichoiponya. Ndinda aliwahi kulia kwa hilo. Alipomaliza kulia alirudi mwanzo, na Mama wa Maabara alikaa naye mpaka kengele ya jioni, akimshikia tochi.

Watu wa mjini walimjua pia. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mzee wa Kisomali mwenye zizi upande wa soko, alikuwa na mizani kubwa ya kupimia ng'ombe iliyotuma uzito hadi kwenye kompyuta ya ofisi yake. Siku moja uzito ukaacha kufika, au ulifika ukirukaruka. Kijana aliyemwekea programu aliiandika upya wiki mbili nzima. Mzee alichoka, akaja chuoni mwenyewe na kofia yake nyeupe, akamwomba Mama wa Maabara aende. Tulimfuata watatu.

Hakuomba kuona programu. Aliinua sketi kidogo, akaufuata waya kutoka kwenye mizani, hatua kwa hatua, katikati ya samadi, mpaka nyuma ya zizi. Huko, chini ya nyasi kavu, waya ulikuwa umetafunwa hadi nyuzi zikabaki uchi.

"Mzee," aliita, "programu yako imeliwa na mbuzi."

Yule mzee alicheka akishika fito za zizi. "Wallahi, na mimi nimemlaumu kijana wa watu wiki mbili!"

"Kijana pia ana makosa. Amekaa kwa kiti wiki mbili. Angetembea."

Tulipewa chai yenye maziwa ya ngamia. Njiani kurudi Mama wa Maabara alitwambia neno ambalo bado nimelibandika juu ya meza yangu: anza na waya, kwa sababu waya hauna kiburi, utakwambia haraka.

Sasa niseme na upande wake wa pili, kwa kuwa angenicheka ningemchora kama malaika. Mwanamke huyu aliyetufundisha kungoja hakujua kungoja. Foleni ya chakula ilimtesa. Chai ikichelewa alikwenda jikoni kuisimamia. Na katika mazungumzo alikuwa mkatizaji kuliko wote niliowahi kukutana nao. Ulianza sentensi, yeye akaimalizia, na mara nyingi aliimalizia vizuri kuliko ulivyokusudia, jambo lililoudhi zaidi. Mkuu wa chuo mwenyewe alijifunza kusema mambo muhimu mwanzoni mwa sentensi. Tulipomkumbusha siku moja kwamba yeye husema kila mtu aachwe amalize, alijibu, "Hiyo ni ya mashine. Nyinyi nawajua mnakoelekea."

Na kukiri kosa kulimpa taabu. Kuna alasiri moja alipochomeka pini, nikatuma jina langu, na halikurudi. Akanilaumu. Nimeunga vibaya, nimekanyaga waya, nimegusa kitu. Nilifungua na kufunga kila kitu mara sita. Jioni, kijasho kikinitoka, niliitazama ile pini. Haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa mpya, aliinunua sokoni asubuhi hiyo, imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa pande zote, na rangi haipitishi umeme. Niliikwangua kwa wembe, nikaichomeka tena. Jina langu likarudi.

Alitazama skrini. Alitazama pini. Akasema, "Hm," akaenda kufunga madirisha.

Kesho yake alikuja na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaliweka mbele yangu, na kijiko kimoja tu. Kevo aliponyoosha mkono alipigwa kofi la vidole. Hilo ndilo neno la samahani nililopata, na sikuwahi kupata tamu kuliko hilo. Tangu siku hiyo pini yake ilikuwa imekwanguliwa ncha zote mbili.

Tulimaliza masomo, tukatawanyika. Yeye alistaafu akarudi nyumbani kwake Mitaboni. Nilisikia ameugua kiharusi, na ninaona aibu kuandika kwamba niliahirisha kwenda kumwona, mwezi baada ya mwezi. Nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba sikujua nitakaaje mbele ya kinywa kile kikiwa kimenyamaza.

Pampu ya Kalama ndiyo iliyonipeleka. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya mjomba. Nilikuwa nimefanya yote niliyoyajua. Waya niliutembea hatua kwa hatua, mbuzi hakuwepo. Mwendo ulikuwa sawa. Kipimo kilisema karibu na programu ilingoja. Mezani kwangu kila kitu kilifanya kazi. Kule kisimani, mara mbili au tatu kwa siku, pampu ilizimwa bila sababu, na akina mama walisimama na mitungi yao wakinitazama kwa upole uliouma kuliko matusi. Nikabeba kisanduku changu, kipimo cha akiba na daftari, nikaenda Mitaboni.

"Hodi," nilisema mlangoni.

"Karibu, ingia, ingia tu!" ilijibu sauti ya kike kutoka jikoni. Alikuwa Mwende, binti yake, akiifuta mikono. "Mama, ni mwanafunzi wako." Kisha akanigeukia. "Anafurahi kukuona. Anasema karibu."

Mama wa Maabara alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kiondo kilichofika nusu kilining'inia msumarini. Kilemba chake kilishikiliwa na pini nyeusi yenye ncha zilizokwanguliwa. Na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nilielewa baadaye kidogo: alikuwa bado anatafuta neno lake la kwanza, na lilikuwa limeshasemwa na mtu mwingine.

Mwende alimpenda mama yake, hilo lilionekana katika kila kitu, kuanzia mto nyuma ya mgongo wake. "Namsaidia," aliniambia. "Maneno yakimkwama anaona aibu. Kwa hivyo mimi namalizia."

Nilitandaza vyombo juu ya meza ndogo na kumweleza. Sikuwa nimefika mbali alipoinua mkono wa kushoto polepole hadi kwenye kilemba, akaivuta pini, akanipa. Sikuhitaji kuelezwa. Niliichomeka, nikaandika "Kalama", nikatuma. Kalama ikarudi. Upande mmoja wa uso wake ukatabasamu. Mgonjwa si huyu.

Nikamfungulia daftari. Upande wa kulia, nilichopokea kutoka kisimani siku ya Jumanne, sentimita za maji yaliyo juu ya pampu: 142, 142, 141, 14, 1, 141. Ile 14 ndiyo iliyoizima pampu, kwa kuwa nilikuwa nimeiambia programu kwamba chini ya ishirini ni hatari.

"Nimefikiri ni kipimo kibovu," nilisema. "Nimekibadilisha. Bado."

Kidole chake cha kushoto kilishuka kwenye ukurasa, kikasimama kwenye 14. Akavuta pumzi.

"Haija..."

"Haijaungwa vizuri," alisema Mwende haraka.

Mama wa Maabara alifumba macho, akafumbua.

"Haija..."

"Haijakauka? Haijawashwa? Mama, unataka kulala kidogo?"

Niliona macho yake yakienda dirishani, macho ya mtu anayeondoka chumbani bila kuinuka. Na nikakumbuka mlango wa maabara, na Kevo nje akingoja, na mstari mzima wa mkonge.

"Mwende," nilisema, "tumwache amalize."

"Atachoka."

"Achoke. Tungoje."

Tukangoja. Kuku aliingia, akadonoa chini ya meza, akatoka. Chai ikaweka utando juu. Mwende aliiweka mikono yake miwili kinywani kama anayezuia chafya. Sijui ilikuwa muda gani, lakini ulikuwa mrefu kuliko sekunde mbili.

"...maliza," alisema Mama wa Maabara.

Kisha, baada ya kitambo kingine, na kidole kikiwa bado kwenye daftari, kikitoka kwenye 14 kwenda kwenye 1 iliyofuata: "Ku... sema."

Haijamaliza kusema.

Nikalitazama daftari langu mwenyewe nikaona aibu na furaha kwa pamoja. 14, halafu 1. Hazikuwa namba mbili. Ilikuwa 141 moja, iliyokatwa katikati. Kipimo hakitumi namba yote kwa kishindo. Hutuma tarakimu moja baada ya nyingine, na mwishoni huweka alama ya kusema nimemaliza. Programu yangu haikuijali alama hiyo. Ilikuwa ikienda mlangoni kwa wakati wake, ikachukua chochote ilichokikuta, ikaondoka. Mara nyingi ilikuta namba nzima. Mara mbili tatu kwa siku ilifika wakati kipimo kiko katikati ya neno, ikachukua kumi na nne, ikakimbia kuizima pampu. Mezani kwangu sikuwahi kukaa muda wa kutosha kulishuhudia hilo. Kwa lugha ya maabara yetu, programu ilikuwa imechukua tabia za mzazi wake.

Mwende alikuwa amekaa chini. "Tangu augue," alisema, "sijawahi kungoja hivyo."

Mama wa Maabara alimtazama binti yake kwa muda, akaufikisha mkono wa kushoto begani kwake. Hakusema kitu, na hakuna aliyemsemea.

Nilisahihisha pale pale, mistari mitano tu. Programu ikusanye kila tarakimu inayofika, isiamue lolote mpaka ione alama ya mwisho. Yeye alitazama skrini muda wote. Nilipotaka kubadilisha na kitu kingine kidogo papo hapo, alitikisa kichwa. Kimoja kwa wakati.

Jumamosi mjomba alinikuta kisimani mapema, koleo mkononi.

"Sasa injinia, hiyo kitu yako imeacha kiburi?"

"Kiburi kilikuwa changu, mjomba. Nipe leo."

Pampu iliwaka asubuhi, ikaendelea kuvuma mpaka jua likatuma vivuli upande wa pili, na haikuzimwa hata mara moja. Mitungi ilijaa ikapangwa mistari miwili. Bado mjomba hakuridhika. Kuwaka ameona, alisema, lakini ile ya kwanza pia iliwaka vizuri hadi siku ilipokufa. Alikuwa na haki. Tukakivuta kipimo polepole kutoka kisimani kwa kamba yake, kana kwamba maji yanashuka. Sitini. Arobaini. Ishirini na moja. Kumi na tisa, na pampu ikanyamaza. Tukakirudisha majini, ikavuma tena. Mjomba akatia koleo mfukoni.

"Basi iache hapo," alisema. "Mwambie aliyekusaidia, nĩ mũvea. Tumeshukuru."

Wiki iliyofuata nilirudi Mitaboni na mtungi mdogo wa lita tano, maji ya Kalama. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Hodi," nilisema.

Kutoka pale niliposimama nilimwona Mwende jikoni, sufuria mkononi. Aliniona. Akafungua mdomo, akaufunga, akatazama chini kwenye sufuria yake. Ndani, karibu na dirisha, kiti kililia kidogo, kama cha mtu anayejiweka sawa. Niliuweka mtungi chini, nikasimama. Upepo wa asubuhi ulipita kwenye mahindi makavu. Jirani mmoja alipita njiani, akashangaa kuniona nimesimama mbele ya mlango ulio wazi, akaniuliza kama hakuna watu. Nikamwambia wapo.

"Ka..." ilisema sauti ndani.

Sikusogea.

"...ribu."

Nikangoja kidogo zaidi, nihakikishe kwamba amemaliza, ndipo nikainua mtungi nikaingia.